Siku Watu Walipoacha Kusalimu

Jumanne, Garsen. Mvua imepumzika tangu alasiri lakini mawingu hayajaondoka, na lile joto la baada ya mvua limenikalia kifuani kama blanketi lililolowa. Nimekaa kitandani ndani ya neti, kompyuta mapajani. Matope yamenikaukia kwenye vifundo vya miguu na sina nguvu ya kwenda kuyaosha.

Nimechoka. Sikubeba chochote leo, sikutembea mbali. Ni uchovu wa kuogopa kutwa nzima. Sikujua kwamba kuogopa kunaumiza mabega.

Acha niandike sasa, kabla sijaanza kujisimulia hadithi nzuri zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kwa wewe unayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni karani wa takwimu katika mradi mdogo wa tahadhari ya mafuriko. Jina la mradi silitaji, na bosi wangu nimempa jina la Bwana Karisa, ambalo si lake. Mimi ni mtu mwoga. Nikifunga mlango nashika kitasa, naenda, narudi, nakishika tena. Rafiki yangu wa chuoni Mombasa alikuwa akisema nitaolewa na kufuli.

Kazi yetu ni hii. Watu wa kandokando ya mto Tana, wakulima na wafugaji, wanatutumia meseji bure kila wanapoona maji yanabadilika. Meseji zinaingia mfululizo, usiku na mchana, kama mto wa pili unaopita ndani ya kompyuta. Mfumo unasoma kila moja, unatambua imetoka wapi na inasema nini, unailinganisha na za majirani, na ukiona hatari unamjibu aliyeandika na kutuma onyo kwa simu zote zilizo upande wa chini wa mto.

Wanaofanya usomaji huo tunawaita vibarua. Si watu. Ni programu ndogo zinazofanana kama mapacha, na zinaishi kwenye kompyuta za kukodi ambazo sijui hata ziko nchi gani. Injinia aliyetuwekea mfumo ndiye aliyewaita hivyo, na jina likashika. Uzuri wake, alisema, ni kwamba mfumo unajitafutia vibarua wenyewe. Meseji zikizidi unaongeza, zikipungua unaachisha, maana kibarua anayekaa bure naye analipiwa. Hakuna haja ya mtu kukaa akitazama. Ni kama shamba la mpunga linalojua lenyewe lini liite watu wa palizi na lini liwaambie waende nyumbani.

"Inajipanga yenyewe," Bwana Karisa huwaambia wageni wote wanaofika ofisini, huku ameweka mkono juu ya kompyuta kama anayemtambulisha mwanawe wa kwanza.

Mimi sheria yangu ni moja: nisiguse. Karani aliyekuwepo kabla yangu aligusa, mfumo ukanyamaza siku nzima, na mkataba wake haukuongezwa. Wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. "Karani huandika," Bwana Karisa aliniambia nilipoanza kazi, bila ubaya wowote. "Injinia hugusa." Nywila ninayo, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kumsomea Injinia yaliyo kwenye skrini akipiga simu kutoka Nairobi. Nimepewa ufunguo wa chumba nisichoruhusiwa kuingia.

Sasa nieleze habari ya salamu, maana bila salamu hakuna kitakachoeleweka.

Watu wa huku hawaanzi na habari. Mfugaji wa Kiorma hawezi kukuambia mto umepanda kabla hajakuuliza amani, nyumba, watoto, mifugo, mvua, halafu amani tena. Mkulima wa Kipokomo ni vilevile, kasoro ng'ombe. Na kwa kuwa kutuandikia ni bure, kila swali lina meseji yake. Salaam aleikum, meseji. Hapo ni amani? Meseji. Mama yako hajambo? Meseji. Mvua imewapata? Meseji. Kisha, baada ya kitambo cha heshima: hapa maji iko sawa. Injinia alipoona hivyo mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. Tulijaribu kuwaomba watu waandike habari moja kwa moja. Mzee mmoja akatujibu: kwani hiyo ofisi yenu haina wazazi? Tukaacha.

Basi, leo.

Mto umejaa tangu wiki iliyopita. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, hata kwa mbuzi. Kisichojulikana ni mahali gani utapasua. Bwana Karisa alikwenda Hola jana kwa mkutano na wakubwa, akaniacha peke yangu na feni na skrini. Usiku sikulala vizuri. Niliamka nikifikiria meseji, nikalala nikiota meseji.

Lakini nilipofika ofisini asubuhi nilikuta grafu ya meseji zinazoingia imeshuka. Jana ilikuwa juu, leo mstari unateremka taratibu. Nusu ya jana, kisha chini ya nusu. Vibarua nao walikuwa wanapunguzwa mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

Nilifurahi.

Naliandika hili kwa aibu. Nilishusha pumzi, nikavua viatu vilivyolowa, nikaagiza chai na mahamri mawili. Bwana Karisa akapiga simu kutoka Hola, sauti yake nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa siku nyingi.

"Naona kwenye simu yangu kumetulia."

"Kumetulia, bosi."

"Umeona? Imeshapunguza vibarua. Inajipanga yenyewe. Nawaonyesha hapa sasa hivi, wote wamekodoa macho."

Nilikula mahamri. Nakumbuka hata yalikuwa ya moto.

Kabla ya adhuhuri simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Guyo, mfugaji ambaye ng'ombe wake wanalisha upande wa juu wa kijiji cha Idsowe. Ni mmoja wa watu wa kwanza niliowaandikisha, na tangu siku hiyo ananitania kila akipata nafasi.

"Karani! Wewe umekufa ama umeolewa?"

"Sijafa, baba. Wala sijaolewa."

"Sasa mbona hapana jibu? Mimi natuma meseji tangu asubuhi. Malka imekatika."

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni kunywa. Kwato za miaka mingi huulegeza ukingo na kuushusha, kwa hiyo mto ukifura sana ni mahali hapo unapojaribu kwanza. Malka ya Mzee Guyo iko juu ya Idsowe. Maji yakitoka hapo yanaingia mashambani, na yakishavuka mashamba yanakitafuta kijiji cha Wema. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka mezani polepole sana, kana kwamba nikikiweka kwa kishindo habari itakuwa ya kweli.

"Meseji yako sijaiona, baba."

"Ah, leo sikusalimia, ni kweli. Usikasirike, wewe. Maji iko kwa tumbo ya ndama, mimi nitauliza habari ya mama yako saa ngapi?"

Alijaribu kucheka lakini pumzi haikumtosha. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia na watu wanapiga miluzi. Kisha simu ikakatika.

Leo sikusalimia.

Nikafungua ukurasa ambao huwa siutazami, ule unaoonyesha meseji ambazo zimeingia lakini bado hazijasomwa. Foleni. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona, na ilikuwa inaongezeka mbele ya macho yangu. Vibarua waliobaki kazini walikuwa wawili.

Nikafungua chache kwa mkono. Maji mlangoni. Ukingo unalia. Mahindi yameingia maji. Haraka. Malka imekatika. Tena malka imekatika, kutoka namba nyingine. Hakuna aliyesalimu. Hakuna aliyeuliza amani. Watu waliozoea kuandika meseji tano kuniambia hakuna jipya, leo waliandika moja, ya maneno mawili.

Hakukuwa kumetulia. Watu walikuwa wameogopa hadi wakaacha kusalimu, na mashine ikahesabu hofu yao kuwa utulivu.

Nikishaona kitu siwezi tena kuacha kukiona. Salamu haina kazi. Kibarua anaitupia jicho na kuipitisha. Habari yenyewe ndiyo nzito: mahali palepale Wapokomo wanapaita jina moja na Waorma jingine, kwa hiyo lazima kibarua atafute kote kuwili, aulize majirani wamesema nini, kisha aandike onyo kwa kila simu ya upande wa chini na kungoja kampuni ya simu ithibitishe kwamba limefika. Mmoja anaweza kumaliza salamu za kijiji kizima huku mwenzake bado anahangaika na "malka imekatika" moja tu. Lakini mashine haikuambiwa ipime uzito wa kazi, wala itazame wanaongoja. Iliambiwa ihesabu wanaoingia mlangoni. Wakaingia wachache, kila mmoja na gunia kichwani, nayo ikaona siku imeisha, ikawaambia wapakuaji waende nyumbani.

Na foleni husomwa kwa zamu. Meseji ya Mzee Guyo ilikuwa nyuma kabisa ya zile za alfajiri.

Nikampigia Bwana Karisa. Alipokea kwa kunong'ona, yuko mkutanoni.

"Bosi, mashine imeelewa vibaya."

"Imeelewa vibaya nini? Mstari umelala, nauona hapa."

"Umelala kwa sababu watu hawasalimu."

"Hawafanyi nini?"

Nilijieleza vibaya sana. Nikiogopa sauti yangu hupanda na maneno hukimbizana, nikasema malka, nikasema foleni, nikasema ndama, nikarudi kwenye salamu. Nilisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alikuwa ametoka nje ili anisikie.

"Rehema. Sikiliza, dada yangu. Mpigie Injinia. Ukimkosa, mngoje. Unajua ukibadilisha mipangilio mfumo wote unasimama kwanza?"

"Najua."

"Utausimamisha na mto umejaa? Ukikataa kuwaka tena je? Hapo hatutakuwa na vibarua wawili, hatutakuwa na hata mmoja. Usiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, bosi."

Na hakukosea. Vibarua hawaongezwi huku kazi ikiendelea. Mfumo lazima usimame, uweke alama kila mmoja amefika wapi, ugawe upya, kisha uanze tena kutoka kwenye alama. Kwa kawaida unaanza. Kwa karani wa kabla yangu haukuanza.

Nikampigia Injinia. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikaandika meseji na kuituma, nami sikumsalimu.

Halafu nilifanya jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika. Nilimpigia mama. Mama yangu anaishi Idsowe, ana migomba na mahindi yake karibu na mto. Watu wote wale wananitegemea mimi na skrini yangu, na mimi nikatafuta namba moja tu.

"Mama, toka huko sasa hivi. Malka ya juu imekatika. Njoo Garsen."

Hakubishana. Nikasikia sufuria ikiondolewa mekoni. Kisha akauliza, "Mbona onyo lenu halijalia kwenye simu yangu?"

"Limechelewa, mama. Linakuja."

"Limechelewa kwangu, au kwa wote?"

"Kwa wote."



"Haya. Mimi nimeambiwa kwa kuwa nilizaa karani. Na Mama Buya aliyelala na homa pale, amezaa nani?"

Nikamsikia akivuta mlango.

"Mimi naenda kupiga kelele majirani watoke. Sauti yangu inafika mwisho wa mashamba, haifiki Wema. Ya Wema ni yako." Akakata simu.

Mama hajui hasa ninafanya nini ofisini. Anadhani ninapiga chapa.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka nikafanya mara moja. Sikufanya. Nililia kwanza. Nikaenda msalani, nikanawa uso, nikarudi, nikapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Nikafikiria mkataba. Nikafikiria kodi ya chumba hiki, na jinsi nitakavyomwambia mama nimeachishwa. Nikafikiria skrini ikibaki nyeusi na mimi peke yangu mbele yake. Foleni ikaendelea kurefuka wakati wote huo, kwa sababu foleni haijui mtu analia.

Mipangilio niliifahamu. Nilikuwa nimesoma maelezo yote ya mfumo mwanzo hadi mwisho katika mwezi wangu wa kwanza, si kwa bidii bali kwa woga. Siwezi kukaa chumba kimoja na kitu nisichokisoma. Palikuwa na mahali pa kuchagua mashine itazame nini. Ilikuwa imewekwa itazame meseji zinazoingia. Nikachagua itazame zinazongoja, na ile ya zamani zaidi imengoja kwa muda gani. Nikapandisha pia idadi ya chini ya vibarua, ili hata ikidanganyika tena isibaki na watu wawili. Mashine ikaniuliza kama nina hakika.

Sina hakika ya kitu chochote maishani mwangu. Nikabonyeza ndiyo.

Kila kitu kikasimama.

Niliweka mikono chini ya mapaja ili isiguse kitu kingine. Skrini ikasema inaweka alama. Ikabaki hapo. Umeme ukayumba, feni ikapunguza mwendo, kisha ukarudi. Bado inaweka alama. Nilikuwa naomba dua na sikujua naomba nini hasa: mfumo uwake, au mtu aingie mlangoni aniambie toka kwenye hicho kiti. Halafu ikasema inagawa kazi. Halafu inaanza. Halafu haikusema kitu, na huo ndio muda uliokuwa mrefu kuliko yote.

Kisha wakaanza kuwaka, vibarua, taa ndogo za kijani moja baada ya nyingine, mpaka safu nzima.

Kwenye baraza letu kuna fundi cherehani, mtu wa Wema ambaye ameoa na kujenga hukohuko na huja Garsen kushona. Simu yake ndiyo iliyolia kwanza. Nilimsikia akisoma kwa sauti: mto unapanda, jiandaeni.

"Hii nayo!" akaniita kupitia dirishani, akicheka. "Dada Rehema, mto unapanda tangu wiki jana. Mmeamka sasa hivi?"

Lilikuwa onyo la alfajiri, likitoka kwa zamu yake. Likaja jingine, akacheka tena, akawaita wenzake waje kusikia jinsi ofisi inavyotangaza magazeti ya jana. Nikataka kumwambia angoje. Simu ya mama muuza chai ikalia, ya mwenye duka ikalia, simu za mtaa mzima zikawa zinalia moja juu ya nyingine kama vyura. Kisha fundi akaacha kucheka.

"Malka imepasuka." Alikuja mpaka dirishani, simu mkononi, uso umebadilika. "Dada, hili ni la leo?"

"Ni la leo."

"Wema pia?"

"Yataelekea Wema. Piga simu nyumbani, kaka. Piga sasa."

Aliondoka akiwa ameshaweka simu sikioni, kitambaa cha mtu kikibaki kimebanwa chini ya sindano.

Yaliyobaki nitayaandika kwa ufupi kwa sababu macho yanajifunga. Foleni ilikwisha alasiri. Watu wa Wema waliondoka mashambani na kupanda mahali pa juu kabla maji hayajafika. Fundi alinipigia mwenyewe, watoto wake wote wapo, hata mbuzi mmoja mkaidi. Mama alifika Garsen juu ya trekta ya mpunga akiwa na Mama Buya amemwegemea begani na kuku wawili ndani ya kikapu. Wako kwa shangazi sasa. Alinitazama, akasema nimekonda, akauliza kama nimekula.

Mzee Guyo alipiga simu jioni. Ng'ombe wametoka. Ndama hapana. Zizi la ndama lilikuwa chini, na aliposubiri jibu letu aliamini kwamba ofisi ingemwambia maji yanaelekea wapi, ampeleke nani kwanza.

"Wewe umefanya nini, karani? Mashine imelala?"

"Ililala, baba. Na mimi nilichelewa kuiamsha."

Hakutania. Alisema tu, "Haya," kisha akauliza kama mama yangu hajambo.

Nafikiria ule muda nilipokuwa napangusa meza.

Na hapo ningeishia, nikalala, kama si simu ya Bwana Karisa. Ilikuja nilipokuwa nafunga ofisi, kabla ya magharibi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuomba msamaha. Hakufoka. Alikuwa na furaha.

"Rehema, tumesifiwa. Wakubwa wamepigiwa simu na watu wa Wema. Nimewaambia mashine iliona hatari, ikajiongezea vibarua. Si ndivyo?"

"Bosi, nilibadilisha mimi."

"Najua ulibadilisha wewe." Sauti ikashuka. "Ndiyo maana nakwambia. Rudisha kama ilivyokuwa kabla sijafika kesho asubuhi. Hatukugusa. Tumewaambia watu miaka yote inajipanga yenyewe, leo tukisema karani ndiye aliyeipanga, mradi huu utafadhiliwa na nani? Ni kwa faida yako pia, dada yangu. Mkataba wako natia sahihi wiki hii."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema nimesikia, neno ambalo limeniweka kazini mpaka leo.

Si mtu mbaya. Ana watoto shuleni, ana wazee Kilifi, na anaogopa kama mimi, ila yeye woga wake ameuvalisha shati lililopigwa pasi. Na alichonipa ni zawadi. Nikirudisha mipangilio, hakuna kosa, hakuna wa kuulizwa, hakuna aliyechelewa. Ndama wa Mzee Guyo watakuwa wamechukuliwa na mto tu, si na mto pamoja na sisi. Nitasaini mkataba. Nitalala.

Lakini jioni hii, kabla sijazima kompyuta ya ofisi, nilisoma meseji za watu wa upande wa Hola, juu ya mto. Maji mengine yanashuka. Hayajafika kwetu, yatafika. Nikirudisha, watu wataogopa tena, wataandika maneno mawili tena, na mashine itawaachisha vibarua tena kwa moyo mweupe kabisa. Na Injinia hatajua kamwe kilichoharibika, kwa kuwa kwa maneno yetu hakikuharibika kitu. Ataupeleka mfumo huohuo kwenye mto mwingine, kwa watu wengine wenye adabu zao.

Tangu nikae hapa kitandani nimeingia kwenye ukurasa wa mipangilio mara nyingi, kwa nywila ileile. Kishale nakiweka kwenye kitufe cha kurudisha, nakiondoa. Nakiweka. Mwili wote unataka kubonyeza. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya bosi. Shuleni sikuwahi kuinua mkono hata nilipojua jibu.

Nimeufunga ukurasa. Sijarudisha kitu.

Injinia nimemwandikia barua pepe inayoeleza nilibadilisha nini, kwa nini, na ni nani aliyebadilisha. Nakala nimempa Bwana Karisa. Imeshakwenda. Asubuhi bosi atafika na atauliza, na sijui kama sauti yangu itatoka. Kama haitatoka, ataisoma barua.